Baba kaambiwa awekewe pampu ya moyo: uliza kwanza inampeleka wapi

Swali: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61. Alipata shambulio la moyo miaka minne iliyopita, na tangu hapo moyo umekuwa ukidhoofika. Mwaka huu amelazwa mara tatu. Miguu inavimba, na usiku halali bila mito mitatu. Kipimo cha mwisho cha eko, kile cha picha ya moyo, kilionyesha unasukuma kwa asilimia 18. Juzi madaktari walitaja kumwekea pampu. Jamaa yetu mmoja akatuambia kwamba mwenye pampu hiyo hana mapigo, anaishi kwa betri, na moyo wake hutolewa. Mama hataki hata kusikia. Je, ni kweli? Na pampu hiyo itampa miaka mingapi?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na kilichomshtua mama, kwa sababu mtu akishashtuka maelezo mengine hayamwingii. Moyo wa baba hautolewi. Pampu wanayoizungumzia, ambayo madaktari huiita LVAD, hufungwa kwenye ncha ya chini ya moyo, upande wa kushoto. Mdomo wake huingia ndani ya ventrikali ya kushoto, kile chumba kinachosukuma damu kwenda mwilini, ikanyonya damu hapo na kuipitisha kwenye mrija ulioshonwa kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Moyo wenyewe unabaki mahali pake na kuendelea kupiga kwa nguvu ulizobakiwa nazo. Upande wa kulia nao unaendelea kupeleka damu mapafuni kama zamani, tena bila kusaidiwa. Hilo la upande wa kulia lishike, tutalirudia.

La mapigo lina ukweli, ila hamkuelezwa vizuri. Moyo hufanya kazi kwa kujikaza na kulegea, na kila ukijikaza ndipo mshipa wa mkononi huruka chini ya kidole. Pampu hizi hazijikazi. Ndani mna gurudumu dogo linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na damu inatiririka mfululizo kama maji ya bomba lililoachwa wazi. Ndiyo maana wagonjwa wengi ukiwashika kifundo cha mkono hupati kitu, au unapata mpapatiko hafifu tu. Mashine ya kawaida ya presha mara nyingi hushindwa kusoma, na kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni huweza kutoa namba za ovyo. Presha hupimwa kwa mkanda pamoja na kifaa kidogo cha Dopla kinachosikiliza damu ikipita, na namba inayotafutwa ni moja, ya wastani, ambayo kwa kawaida tunataka iwe kati ya 70 na 90 hivi.

Mara ya kwanza nilipomshika mkono mgonjwa wa namna hii nilitafuta mapigo kwa zaidi ya dakika nzima, naye ananitazama tu akitabasamu. Alishazoea madaktari wa aina yangu. Mwishowe akaichukua stetoskopu mkononi mwangu akaiweka mwenyewe kifuani. Sikusikia kishindo hata kimoja. Nilisikia mvumo usiokatika, kama friji usiku nyumba ikiwa imelala. Kwa watu hawa mvumo ule ndio habari njema.

Sasa hiyo asilimia 18. Namba hii huwatisha watu kupita kiasi, na pengine huwafariji wasiostahili kufarijika. Hakuna moyo unaotoa damu yote iliyomo. Ule mzima hutoa kama asilimia 55 hadi 70 kwa kila pigo, nyingine inabaki. Kwa hiyo 18 ya baba usiilinganishe na 100, ilinganishe na 60. Bado ni ndogo sana, lakini nimewaona wenye 18 wanaopanda ngazi na wenye 25 wanaopumzika mara mbili kabla hawajamaliza kuoga. Katika maelezo yako kilichonitia wasiwasi zaidi ni kule kulazwa mara tatu kwa mwaka, pamoja na ile mito. Mtu akilala chali, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kwenye mzunguko wa damu, moyo ukashindwa kuyapokea, yakafurikia mapafuni. Mito mitatu ni kipimo ambacho mgonjwa amejitengenezea mwenyewe bila kujua. Ikiwa pia presha yake huanguka kila dawa zinapoongezwa, au figo zimeanza kuchoka, basi madaktari wenu hawajakurupuka. Wameona mlango unaanza kufungwa.

Kabla ya pampu kuna jambo moja la kuhakikisha, na usione haya kuliuliza: je, dawa zimefika mwisho wake? Leo moyo uliodhoofika hivi hutibiwa kwa makundi manne ya dawa kwa pamoja, mojawapo likiwa dawa ambazo mwanzoni zilitengenezwa kwa ajili ya kisukari. Wapo wagonjwa waliopanda asilimia kumi na zaidi kwa kupewa zote nne katika dozi sahihi, na wazo la pampu likafa lenyewe. Wengine shida yao ni umeme wa moyo: kuta mbili za ventrikali hazijikazi kwa wakati mmoja, na kifaa maalumu chenye nyaya huzirudisha kwenye mwendo mmoja. Kifaa hicho ni ndugu wa pesimeka, kile kidude cha kuongoza mapigo ya moyo. Hakisukumi damu hata tone, kinapeleka amri tu. Nalisema kwa sababu familia nyingi hudhani pesimeka na pampu ni kitu kimoja, kisha hushangaa mbona ya jirani iliwekwa asubuhi naye akaruhusiwa kesho yake.

Ukiwa wodini utasikia "mashine ya moyo" ikitajwa kwa vitu kadhaa visivyofanana. Kwanza kuna puto. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye ateri ya kinena hadi ndani ya aota, na mwishoni pana puto refu linalojazwa gesi ya heliamu, gesi nyepesi inayoingia na kutoka upesi. Moyo ukilegea, puto huvimba na kuisukuma damu, nyingine ikirudi nyuma kuilisha mishipa ya moyo wenyewe. Moyo unapotaka kujikaza, puto hunywea ghafla, na moyo unakuta njia nyeupe. Ni wazo zuri mno, na tangu Adrian Kantrowitz alipolitumia kwa mgonjwa nchini Marekani mwaka 1967 tuliliamini kwa miongo. Mwaka 2012 utafiti wa Ujerumani wenye wagonjwa 600, ambao shambulio la moyo lilikuwa limewaangusha kabisa, ukaonyesha kwamba waliowekewa puto na wasiowekewa walikufa karibu sawa ndani ya siku 30. Puto bado lina kazi zake, lakini heshima ilipungua.

Kuna Impella, pampu nyembamba kuliko penseli, nayo hupitia kinenani ikakaa katikati ya vali ya aota: mdomo ndani ya ventrikali, mkia nje, inachota huku na kumwaga kule. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Denmark, Ujerumani na Uingereza kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu baada ya shambulio kubwa la moyo. Ndani ya siku 180 walikufa asilimia 45.8 ya waliowekewa, dhidi ya 58.5 ya wasiowekewa. Ni tofauti kubwa, ila waliowekewa walivuja damu zaidi, wakapata matatizo ya mguu zaidi, na wengi zaidi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine ya figo.

Halafu ECMO, ile inayotoa damu kwenye vena kubwa, kuipitisha kwenye pafu la bandia na kuirudisha kwenye ateri. Inaweza kumbeba mtu ambaye moyo umesimama kabisa. Ubaya wake ni kwamba damu inayorudishwa husukuma kinyume na mwelekeo wa moyo, na ventrikali iliyochoka inaweza kufura kama mfuko uliofungwa mdomo. Utafiti wa mwaka 2023 ulipojaribu kuiweka mapema kwa kila mgonjwa aliyeanguka kwa shambulio la moyo, vifo havikupungua. Kwa aliyekufa nusu ni mkombozi. Kwa wengine inaweza kuwa mzigo juu ya mzigo.

Hizi zote ni za kitandani, za siku au wiki chache. Iwapo baba atazidiwa usiku wa leo, mojawapo inaweza kuwekwa kabla hamjapigiwa simu, na haina maana kwamba ile pampu ya kudumu imeshaamuliwa.

Ndiyo maana nasema kuuliza "ni mashine gani" ni swali la pili. La kwanza ni hili: inampeleka wapi? Sisi wenyewe tuna neno letu, daraja. Kuna daraja la kwenda kwenye moyo wa kupandikizwa: mgonjwa yuko kwenye orodha, moyo haujapatikana, pampu inamshikilia asife akingoja. Kuna daraja la kupona, kwa mfano mama aliyedhoofika moyo baada ya kujifungua, au kijana aliyeshambuliwa na virusi. Moyo ukipumzishwa huweza kuamka, na pampu ikatolewa. Kwa kovu la shambulio la miaka minne, kama la baba, tumaini hilo ni dogo, na afadhali ulijue sasa. Kuna daraja la kununua muda, figo na ini zipate damu ya kutosha ndipo ionekane kama anafaa kupandikizwa. Na kuna pale ambapo hakuna ng'ambo: hatapandikizwa, labda kwa sababu ya umri au ugonjwa mwingine, na pampu yenyewe ndiyo makazi. Pampu inaweza kuwa ileile moja katika hali zote nne, lakini mazungumzo yake hayafanani kabisa. Familia nyingi nilizokutana nazo zikiwa na hasira baadaye, tatizo halikuwa mashine. Walidhani wamepanda basi la kwenda kupandikizwa, kumbe basi lilikuwa limefika mwisho wa safari.

Miaka mingapi? Nikupe namba, kisha nizipunguzie uzito. Mwaka 2001 utafiti mmoja wa Marekani uliwachukua wagonjwa 129 ambao hawangeweza kupandikizwa. Baada ya mwaka, waliowekewa pampu za wakati ule, kubwa na zenye kelele, walikuwa hai asilimia 52. Waliobaki na dawa peke yake asilimia 25. Baada ya miaka miwili ilikuwa 23 kwa 8. Kwa wengi ile ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba chuma kinaweza kuishinda dawa, ingawa chuma chenyewe kiliharibika upesi. Pampu ya sasa inayotumika zaidi, HeartMate 3, ina uzito wa gramu 200 hivi, na gurudumu lake linaelea kwa sumaku bila kugusa ukuta, kwa hiyo hakuna kinachosagana. Kila sekunde mbili hubadili mwendo wake kidogo ili damu isituame ndani na kuganda. Katika utafiti wake mkubwa, asilimia 58 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 44 kwa pampu iliyoitangulia. Ukisoma mahali habari za kutisha za pampu kuziba kwa damu iliyoganda, angalia tarehe. Nyingi ni za pampu za zamani, na mojawapo, HVAD, iliondolewa sokoni na Medtronic, kampuni yake yenyewe, mwaka 2021.

Ila 58 maana yake 42 hawakufika. Na namba hizo ni za waliofanyiwa upasuaji figo na ini zao zikiwa bado zina uhai. Wengine huletwa kwetu wakiwa wameshageuka rangi ya manjano na mkojo umekatika. Kwa hao pampu inaweza kufanya kazi bila dosari na mgonjwa akafa vilevile.

Nilikwambia ushike habari ya upande wa kulia. Pampu ya kushoto hutoa lita nne, tano, hata zaidi kwa dakika. Damu hiyo yote huzunguka mwilini ikarudi upande wa kulia, ambao miaka yote ulikuwa umezoea kupokea kidogo. Ukiwa nao umedhoofika, hulemewa: ini linavimba, tumbo linajaa maji, na pampu huku kushoto inakosa damu ya kusukuma. Hilo ndilo tatizo tunaloliogopa zaidi wiki za mwanzo, na ndiyo sababu baba atapitishwa kwenye vipimo vya mrija wa kupimia presha za ndani ya moyo ambavyo mtaona ni vya kumchosha bure. Si vya bure hata kidogo.

Baada ya hapo maadui ni wa polepole. Damu: atakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote ya pampu, na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikitakiwa kubaki kati ya 2 na 3. Zamani tuliongeza aspirini. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wenye HeartMate 3 wasiopewa aspirini walivuja damu mara chache kuliko waliopewa, bila damu kuganda zaidi. Hata hivyo kuvuja damu tumboni bado ni jambo la kawaida, kwa sababu mzunguko wa kasi hukatakata protini moja inayosaidia damu kushikana. Kinyesi cheusi kama lami hakingojewi hadi kesho. Kiharusi kipo, ingawa kimepungua. Na kuna waya.

Waya ndio nitakaouzungumzia kirefu, kwa sababu wodini huelezwa kwa dakika tano, na nyumbani ndio utakuwa maisha yenu. Pampu haina umeme wake. Waya mmoja hutoka kwenye moyo, hupita chini ya ngozi, na kutokeza tumboni, ukaungana na kidhibiti, kisanduku kinachovaliwa kiunoni. Kutoka kisandukuni zinatoka ncha mbili, kila moja na betri yake, nazo huvaliwa ubavuni kama mikoba. Jozi ya betri za HeartMate 3 iliyojaa inaweza kudumu hadi saa 17. Kubadilisha ni hivi: unachomoa betri moja, kisanduku kinalia, unaweka iliyojaa, unangoja kilio kikatike na taa ikae sawa, ndipo unagusa ya pili. Kamwe zote mbili kwa pamoja. Ndani ya kisanduku kuna akiba ya dakika 15 hivi, lakini hiyo ni ya ajali, usiihesabu. Usiku huchomekwa kwenye umeme wa ukutani, na umeme usioaminika ni jambo la kulipatia jibu kabla ya upasuaji.

Pale waya unapotoka tumboni ni kidonda kisichofungwa kamwe. Huoshwa kwa utaratibu uleule kila mara, mikono safi, barakoa usoni, kisha waya hubanwa tumboni usivutwe. Mvuto mmoja wa ghafla, kitasa cha mlango kikinasa mkoba, huweza kuchana ngozi iliyokuwa imeshika, na vijidudu vikapata njia. Kuogelea basi, kujitumbukiza kwenye beseni basi. Kuoga kwa maji ya kutiririka huruhusiwa kidonda kikishashika, na vifaa vikiwa ndani ya mfuko wake. Kipimo cha MRI hakipimwi kabisa. Na kila anayeishi naye ajue hili: wakimkuta amezimia wasitafute mapigo wakakata tamaa. Waangalie kama anapumua, wasikilize mvumo, watazame taa za kisanduku, wakague kila kiungo cha waya, wapige simu kwa timu yake. Kama mvumo hausikiki, haamki na hapumui, kifua kinakandamizwa kama kwa mtu mwingine yeyote, huku mwenzao akijaribu kuirudisha pampu.

Kwa hiyo madaktari watakapouliza nani atakuwa naye nyumbani, wasieleweke vibaya kuwa wanapekua mambo ya familia. Mgonjwa asiye na mtu wa kumsaidia huweza kukataliwa pampu, na mara nyingi ni haki.

Ile mashine inayochukua nafasi ya moyo mzima, labda ndiyo jamaa yenu aliyoisikia, ni nyingine. Mwaka 1982 mjini Salt Lake City, Barney Clark aliwekewa moyo wa bandia uitwao Jarvik-7, akaishi siku 112, amefungwa kwenye mtambo mkubwa wa hewa. Mwaka 2024 huko Texas uliwekwa kwa mara ya kwanza moyo wa BiVACOR, wenye kitu kimoja tu kinachozunguka, nacho kinaelea kwa sumaku. Ni wa majaribio, na huwahusu wale ambao pande zote mbili zimeshindwa. Kwa mnayoelezwa ninyi, uwekeni kando.

Mkirudi kliniki, ombeni kuonana na mtu anayeishi na pampu. Vituo vingi vinaye anayekubali. Mama aketi naye, akishike kile kisanduku, auone waya, amwulize analala upande gani. Muulizeni daktari hali ya upande wa kulia, hali ya figo, na ikiwa baba yuko au hayuko kwenye njia ya kupandikizwa. Kama hayuko, ulizeni pia siku mwili utakapochoka pampu huzimwa vipi na kwa idhini ya nani. Ni swali chungu, lakini ni rahisi zaidi kulijibu sasa yeye mwenyewe akiwa anaongea.

Na hapo nina swali langu kwako. Katika maelezo yako nimemsikia mama, nimemsikia jamaa, nimewasikia madaktari. Baba anasemaje?